Habari Ndani ya Kihariri: Historia ya Gnus

Mwaka 1985, mtu mwenye akaunti kwenye kompyuta ya Unix chuoni alikuwa na programu moja ya kuandikia, ya pili ya kusomea barua, na ya tatu ya kusomea habari za Usenet, mtandao wa mijadala ya umma. Akitaka kumjibu mtu aliyeandika jambo la kumchefua, programu ya habari ilimfungulia kihariri, akaandika, akakifunga, akarudishwa alikotoka. Wengi waliona ni sawa tu. Ila walikuwapo waliokwisha kuhamia ndani ya Emacs na virago vyao vyote, na kwao kutoka nje ya kihariri hicho, hata kwa ajili ya ujumbe mmoja, kulikuwa kero. Katika kero hiyo ilizaliwa programu ambayo bado ipo hai, ilhali sehemu kubwa ya mtandao uliotengenezewa imekwisha kuzimwa.

Usenet yenyewe ilianza na watu wachache na simu ya kawaida. Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, walitafuta namna ya kuiunganisha mashine yao na ya jirani. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, akaandika jaribio la kwanza. Mashine tatu za mwanzo ziliitwa duke, unc na phs. Zilipigiana simu kwa modemu, aghalabu usiku gharama ikiwa nafuu, zikapeana jumbe mpya, zikakata. Kila mashine ilijiwekea nakala, kisha ikazipitisha kwa jirani anayefuata. Hapakuwa na makao makuu wala mwenye mali. Afrika Mashariki nayo iliujua utaratibu wa aina hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mazingira cha ELCI jijini Nairobi kilisafirisha barua za mashirika kupitia FidoNet, na barua zililala zikisubiri simu ipigwe ndipo ziende.

Mwaka 1981 Mark Horton wa Berkeley na Matt Glickman, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari, walianza kuandika upya programu ya kusambazia habari, ikaitwa B News. Makundi ya habari, yaani mabaraza ya mijadala kwa mada, yakaongezeka hadi majina yakawa vurugu, na kati ya 1986 na 1987 yakapangwa upya chini ya matawi saba: comp kwa kompyuta, sci kwa sayansi, soc kwa mambo ya jamii, rec kwa burudani, talk kwa ubishi usio na mwisho, news kwa mambo ya Usenet yenyewe, na misc kwa yaliyokosa pa kukaa. Wasioridhika na mpango huo wakafungua tawi lao, alt. Kundi la soc.culture.african lilikuwa baraza la Waafrika waliokuwa ughaibuni, na ukali wa maneno yao haukupungua kwa kuwa ulipita kwenye waya.

Msomaji wa Usenet hakuwahi kulia uhaba, alilia wingi. Larry Wall, ambaye mwaka 1987 angetoa lugha ya Perl, alitoa programu ya rn mwaka 1984. Ulibonyeza kitufe cha nafasi ukasoma ujumbe, ukabonyeza tena ukasoma unaofuata. Faili la .newsrc lilikumbuka namba za jumbe ulizokwisha kuzisoma katika kila kundi, na faili jingine lilifuta mada na waandishi usiotaka hata kuwaona. Mambo hayo mawili, kumbukumbu ya uliyoyasoma na chujio la usiyoyataka, ndiyo msingi wa kila kilichofuata.

Huku nyuma, Emacs ilikuwa imeshika njia yake. Ilianza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT, kazi ya Richard Stallman pamoja na Guy Steele na wengine. Septemba 27, 1983, Stallman alitangaza mradi wa GNU, na alitangaza papo hapo Usenet, maana ndipo watu wake walipokuwa. GNU Emacs ikatoka mwaka 1985. Kilichoitofautisha na vihariri vingine ni kwamba sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ya Lisp, na mtumiaji anaweza kuandika amri mpya kwa lugha hiyohiyo na kuitumia papo hapo, bila kuijenga programu upya. Basi watu wakaongeza: kalenda, barua, michezo, hata daktari wa kuongea naye. Emacs ikawa kama duka la Mangi, unaingia kununua sukari unatoka na misumari. Humo tayari mlikuwa na rnews, programu ndogo ya kusomea habari, lakini ilisoma jumbe zilizohifadhiwa kwenye diski ya mashine ileile tu.

Kizuizi hicho kilikuwa kikubwa. Chuo chenye kompyuta nyingi hakikuweza kujaza kila diski nakala za Usenet nzima. Februari 1986, Brian Kantor wa San Diego na Phil Lapsley wa Berkeley walichapisha itifaki ya NNTP. Kwa itifaki hiyo mashine moja inahifadhi habari, nyingine zinaiuliza. Mazungumzo yenyewe ni maandishi matupu ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Msomaji anatuma neno GROUP na jina la kundi. Seva inajibu 211, ikitaja idadi ya jumbe, namba ya kwanza na ya mwisho. Anatuma ARTICLE na namba. Seva inajibu 220 na kumwaga ujumbe mzima. Ukilitazama hilo utaona kwa nini kihariri kilifaa kazi hii kuliko programu nyingi: kinachokuja ni maandishi, na kazi ya kihariri tangu kizaliwe ni kupokea maandishi, kuyakata, kuyapanga na kuyaonyesha.

Aliyelitumia hilo ni Masanobu Umeda, mtaalamu wa Japani. Nchi yake ilikuwa na mtandao wake, JUNET, ulioanzishwa na Jun Murai mwaka 1984, na makundi yake ya habari yaliyoanza na herufi fj. Mwaka 1987 Umeda alikuwa tayari akiandika GNUS, herufi zote kubwa, programu ya kusoma Usenet ndani ya Emacs kwa kuzungumza moja kwa moja na seva ya NNTP. Palipokuwa na Emacs isiyojua kufungua mawasiliano ya mtandao, aliandika kipande kingine, tcp.el, cha kuziba pengo hilo.

Umeda hasemwi vya kutosha, nami naona si haki. Baada ya GNUS kuweza kuzungumza na seva, aliandika nnspool, kipande kinachosoma jumbe za kwenye diski lakini kinajifanya seva ya NNTP. Halafu akaandika mhspool, kinachofanya hivyohivyo kwa mikoba ya barua za programu ya MH. Sehemu ya juu ya programu, ile anayoiona msomaji, haikujua wala kujali kama jumbe zinatoka mbali au chini ya meza. Iliuliza kwa lugha moja, ikajibiwa kwa lugha moja. Sifa kubwa zaidi ya Gnus ya baadaye imo humo, katika mafaili mawili madogo ya Mjapani huyo.

Kitabu cha maelezo ya Gnus kinasema kwamba majira ya vuli ya mwaka 1994 Lars Magne Ingebrigtsen alichoka kukaa bure, akaamua kuiandika upya. Alikuwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Toleo lake aliliita ding, amri ya Lisp inayoliza kengele ya kompyuta, na maelezo yake yalijaa mzaha wa aina hiyo hata msomaji mgeni akashindwa kujua lini anafundishwa na lini anachezewa. Jina likarudi kuwa Gnus, sasa kwa herufi moja kubwa tu. Mradi wa GNU una nyumbu kwenye nembo yake, na Gnus nayo ikajichorea wake. Mnyama wa Serengeti akajikuta anafugwa Oslo.

Mzaha usikudanganye. Ingebrigtsen alihakikisha vitufe karibu vyote vya Umeda vinabaki vilevile, ili mtu aliyezoea GNUS aamke asubuhi na programu mpya asipotee. Alitoa matoleo ya majaribio kwa kasi ambayo hata leo ni ya kushangaza: zaidi ya 100 kabla ya toleo la tano kuingizwa katika Emacs 19.30 mwezi Novemba 1995. Yaliyofuata yalipewa majina yaliyokuwa yakirudi nyuma katika alfabeti, September, Red, Quassia, Pterodactyl, Oort, No, Ma, na bado hakuna aliyelazimishwa kueleza maana.

Tuseme sasa mwanafunzi wa mwaka 1995 anataka kuiandaa. Anaambiwa ni rahisi: shika kitufe cha Meta, bonyeza x, andika gnus. Kama msimamizi wa mashine amekwisha kuandika jina la seva mahali panapostahili, programu inaipata yenyewe. Kama hakufanya hivyo, mwanafunzi anafungua faili la .gnus katika saraka yake na kuandika mstari mmoja wa Lisp wenye kigezo gnus-select-method, aina ya chanzo, yaani nntp, na jina la seva. Anaongeza jina lake kamili na anwani yake ya barua pepe, la sivyo jumbe zake zitatoka na anwani isiyojibika. Anaandika faili la saini, mistari isiyozidi minne, maana watu wa Usenet walikuwa wakali kwa wenye saini ndefu kuliko ujumbe.

Kisha anasubiri. Gnus inaiomba seva orodha ya makundi yote iliyo nayo, maelfu ya mistari, kila mmoja na jina la kundi na namba zake. Kwenye mtandao wa chuo ni kitambo kidogo. Kwenye modemu ya nyumbani ni muda wa kwenda kuchemsha chai. Na kwa kuwa Emacs hufanya jambo moja kwa wakati, kihariri kizima kinaganda, pamoja na insha aliyokuwa akiiandika kwenye ukurasa wa pili. Dawa ipo: kigezo gnus-read-active-file kikibadilishwa, programu inauliza habari za makundi yale tu aliyojiandikisha. Lakini nani atamwambia mgeni kuwa kigezo hicho kipo?

Orodha ikishafika, anakuta ukurasa mtupu, au wenye makundi mawili matatu ya wageni, news.announce.newusers na gnu.emacs.gnus. Anadhani imeharibika. Kumbe makundi yote yapo, ila yamefichwa. Kila kundi lina ngazi kuanzia 1 hadi 9: la 1 mpaka 5 umejiandikisha, 6 na 7 hujajiandikisha, 8 ni mizimu, 9 yameuawa. Inabidi abonyeze A mara mbili ili yaletwe yote, asogee hadi analotaka, abonyeze u kujiandikisha, kisha l kurudi kwenye orodha fupi. Akiingia kundi lenye jumbe zaidi ya 200 ambazo hajazisoma, anaulizwa anataka ngapi.

Hapo ndipo wengi walipokata tamaa, na sina la kuwalaumu. Gnus ilikuwa na vigezo kwa mamia na kitabu cha maelezo kinene, na waandishi wake walipenda kuongeza uwezo kuliko kupunguza maswali. Kosa hilo halikuisha. Aliyevuka kizingiti, hata hivyo, alipata kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Jumbe zilipangwa kwa mfuatano wa majibu, kile wanachama wa JamiiForums leo wanakiita uzi, kila jibu likiwa limeingia ndani kidogo chini ya lile lililojibiwa. Kitufe cha nafasi kilimpeleka mbele ukurasa kwa ukurasa, ujumbe kwa ujumbe, uzi kwa uzi. Akitaka kujibu, alibonyeza F, maneno ya mwenzake yakanakiliwa na alama pembeni, na alikuwa tayari ndani ya kihariri chake, na vifupisho vyake, na kamusi yake, na mazoea yote ya vidole vyake. Akabonyeza Control na C mara mbili, ujumbe ukaenda. Kusoma na kuandika vilikuwa mahali pamoja.

Chujio nalo lilibadilika. Badala ya kumfuta mwandishi moja kwa moja kama rn ilivyofanya, Gnus iliwapa jumbe alama, juu au chini, kwa kuangalia jina, mada au mfuatano. Ukiwasha uwezo wa kujifunza, programu ilitazama ulichosoma na ulichokiruka, ikapandisha na kushusha yenyewe. Wakati huohuo watafiti, wakiwamo Paul Resnick na John Riedl, walijenga GroupLens, mfumo uliowasilishwa katika mkutano wa kitaaluma mwaka 1994, ambapo wasomaji wa Usenet walizipa jumbe alama kuanzia 1 hadi 5 na kompyuta ikatabiri msomaji mwingine angependa nini. Gnus ilikuwa miongoni mwa programu zilizounganishwa nao. Mpangilio wa leo wa video na bidhaa unaosukumwa kwenye simu yako una mizizi huko pia, ingawa wakati ule kipimo kilikuwa mikononi mwa msomaji na aliweza kukizima.

Wazo la mhspool likaja kukua kuliko wazo la habari. Gnus iliongezewa vipande vingi vya kusomea vyanzo tofauti: nnml kwa barua zilizohifadhiwa moja moja, nnfolder kwa faili moja kubwa, na kadiri miaka ilivyokwenda nnimap kwa seva za barua na nnrss kwa milisho ya tovuti. Barua pepe ikawa kundi la habari kama makundi mengine. Uliandika kanuni za kuigawa: ya mwajiri kundi lake, ya familia kundi lake, ya mradi kundi lake. Watu walioingia kwa ajili ya Usenet wakajikuta wanasomea humo barua zao zote.

Kulikuwa na tishio moja la kuchekesha. Usenet hufuta jumbe za zamani, maana diski hujaa, na Gnus ilibeba desturi hiyo hadi kwenye barua: ujumbe uliowekewa alama ya kuisha muda hufutwa baada ya siku 7 usipobadilisha kigezo. Hasikii hilo mtu aliyehifadhi barua zake miaka kumi akabaki ametulia. Kwa kweli programu haifuti chochote ambacho hujaruhusu kiwekewe alama hiyo, ila maelezo yake yalihitaji kusomwa kwa utulivu, na mtu mwenye hofu hasomi kwa utulivu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaongezwa sehemu ya kusoma bila kuunganishwa. Ulipiga simu, ukapakua jumbe za makundi uliyotaka, ukakata, ukasoma na kujibu taratibu, ukapiga tena kupeleka majibu. Kwa waliolipia simu kwa dakika hiyo ilikuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma.

Lakini Usenet ilikuwa imeanza kuchakaa. Mwaka 1993 makampuni ya huduma za mtandao yalianza kuingiza wateja wao kwa wingi kuliko wenyeji walivyoweza kuwafunza adabu. Aprili 12, 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo la bahati nasibu ya viza ya Marekani katika zaidi ya makundi 5,500. Matangazo taka yakawa mafuriko. Wavuti, ambayo Tim Berners-Lee aliitambulisha katika kundi la alt.hypertext Agosti 1991, iliwavuta watu kwenye tovuti zenye picha na wenye mali. Mei 2010 Chuo Kikuu cha Duke, pale ilipoanzia, kikazima seva yake ya Usenet. Google, iliyonunua kumbukumbu za Deja News mwaka 2001, iliacha kupokea na kutuma jumbe mpya za Usenet Februari 22, 2024.

Gnus haikufa nayo, na sababu ni ile nnspool na mhspool: msomaji hakufungwa kwenye chanzo kimoja. Mwaka 2002 Ingebrigtsen mwenyewe alianzisha Gmane, seva iliyochukua mijadala ya barua pepe ya miradi ya programu huria na kuifanya isomeke kama makundi ya habari kwa NNTP. Tovuti yake aliifunga mwaka 2016, lakini seva ya habari iliendelea na mwaka 2020 ikahamia gmane.io. Baadaye akawa mmoja wa wasimamizi wakuu wa Emacs yenyewe hadi 2022.

Ukitaka kuijaribu leo, hakuna cha kupakua, kwa kuwa Gnus huja na kila Emacs. Andika jina la seva, news.gmane.io au news.eternal-september.org ambayo hutoa akaunti bure, katika faili la .gnus.el, washa programu, bonyeza A mara mbili, na usishangae ukurasa ukiwa mtupu mwanzoni.